Somo: Kukusanya vyombo vya kromu vya miaka ya 1930 na kuvitumia mezani kwa wageni

Somo hili ni la ndugu walioko Marekani ambao hukutana na vyombo hivi kwenye maduka ya mitumba na minada ya vitu vya nyumbani, wakavipita. Vilitengenezwa viwekwe mezani, vishikwe, vimiminiwe vinywaji, na vingi bado vinaiweza kazi hiyo. Nina msimamo mmoja: nunua hali ya chombo kwanza, jina la kampuni baadaye. Sababu iko kwenye hatua ya tatu, isome kwa utulivu.

Hatua ya 1: Jua unachotafuta

Kupaka kromu, madini yanayong'aa, kwa umeme juu ya shaba au chuma kulianza kufaa kibiashara katikati ya miaka ya 1920, na mmoja wa waliofungua njia ni Colin G. Fink wa Chuo Kikuu cha Columbia. Uchumi ulipoanguka kuanzia mwaka 1929, familia nyingi hazikumudu tena vyombo vya fedha wala mtumishi wa kuvisugua. Kromu haiingii weusi kama fedha. Ukiipitisha kitambaa inang'aa. Kisha tarehe 5 Desemba 1933 marufuku ya pombe iliyokuwapo Marekani ikafutwa. Viwanda vya shaba vya Connecticut na New York vikapata soko kubwa la sheka za kokteli (vyombo vya kutikisia vinywaji na barafu), ndoo za barafu, masinia, koleo za barafu na seti za kahawa.

Anayeanza aanze na Chase Brass & Copper ya Waterbury, Connecticut. Vyombo vyao vya nyumbani vilitoka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipohitaji shaba kwa risasi na maganda ya mizinga, mwaka 1942. Waliwapa kazi wabunifu wakubwa: Walter von Nessen, Russel Wright, Lurelle Guild. Emily Post, aliyekuwa akiwafundisha Wamarekani adabu za mezani, aliwaandikia kijitabu cha kuandaa chakula cha jioni cha kujipakulia. Yaani kampuni haikuuza vyombo tu, iliuza namna ya kukaribisha watu bila mtumishi. Sheka yao iitwayo Gaiety, kazi ya Howard Reichenbach, ni ndefu, ya mviringo, imezungushiwa pete nyeusi mwilini. Ilitengenezwa kwa wingi, kwa hiyo bado inapatikana. Ningechagua hiyo iwe chombo cha kwanza cha mtu yeyote.

Revere ya Rome, New York, ilitoa seti ya Manhattan ya Norman Bel Geddes, na mwaka 1935 jagi la Normandie la Peter Müller-Munk, lililofuata umbo la mabomba ya moshi ya meli ya Kifaransa yenye jina hilo. Hivyo viko kwenye makumbusho na bei yake inajulikana. Viangalie, uyazoeze macho, pesa yako iweke kwingine.

Halafu wako Farber Brothers wa New York, ambao mimi nawapenda kuliko Chase kwa matumizi ya mezani. Walichukua glasi za rangi za Cambridge, Ohio, za zambarau, kaharabu na buluu, wakazishika kwa vikalio vya kromu vya kubana. Glasi inachomoka, unaiosha peke yake, na ikivunjika unatafuta nyingine. Usiwachanganye na Farberware ya S. W. Farber, ni watu wa ukoo mmoja, kampuni mbili.

Hatua ya 2: Tafuta alama

Chase ina nusu mtu nusu farasi anayevuta upinde. Mara nyingi iko chini ya kitako, lakini wakati mwingine ni ndogo mno na imejificha kwenye ribiti ya mpini, basi nenda na kioo cha kukuzia. Revere huandikwa pamoja na Rome, N.Y. Farber Brothers hupiga jina lao, na pengine maneno Krome-Kraft. Chombo kisicho na alama si lazima kiwe kibaya, ila usikilipie bei ya chenye jina.

Hatua ya 3: Kagua kromu yenyewe

Chini ya kromu kuna nikeli, na chini ya nikeli kuna shaba ya njano au chuma. Kromu ya urembo huwa nyembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Ikishatoka, hakuna dawa ya dukani wala ya kienyeji itakayoirudisha. Ndiyo maana sheka isiyo na jina lakini nzima ina thamani kwangu kuliko Chase iliyobambuka.

Peleka chombo dirishani. Kigeuze polepole ukitazama mwanga unavyoteleza. Kromu nzima ina ubaridi wa buluu kidogo. Ukiona sehemu imegeuka manjano hafifu, hapo umefika kwenye nikeli, na ukiona rangi ya dhahabu, umefika kwenye shaba. Angalia hasa ukingo wa kifuniko, mdomo wa kumiminia na mahali vidole vinaposhika, maana huko ndiko huisha kwanza. Pitisha ukucha juu ya vidoa: kama ukucha hauhisi kitu, yaelekea ni uchafu na utatoka, kama unakwama, ni vitobo na vitabaki. Unga wa kijani ni shaba inayooza chini, wekundu ni kutu ya chuma. Beba sumaku ndogo pia. Ikinasa kwa nguvu, chini kuna chuma, nami huwa naviacha vya aina hiyo kwa sababu kutu haina mwisho.

Mikwaruzo midogo ivumilie. Kubonyea kidogo pia, mradi kifuniko kinafunga sawasawa.

Hatua ya 4: Mipini

Mingi ni ya Bakelite au Catalin, plastiki ngumu za zamani. Weka mpini chini ya maji ya moto ya bomba kwa nusu dakika, kisha unuse: harufu kali ya dawa inayochoma pua ni dalili nzuri. Mipini iliyokuwa myeupe hugeuka rangi ya siagi kwa miaka. Huo ni uzee wa kawaida, si kasoro. Ufa ndio kasoro.

Hatua ya 5: Usafi

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa cha pamba, kisha kausha hapo hapo hadi ndani ya mikunjo. Steelwool, mchanga, jiki na mashine ya kuoshea vyombo ni marufuku. Jiki hasa, kwa sababu klorini hupenya kwenye vitobo na kuvipanua.

Hatua ya 6: Meza

Kromu huakisi kila kilicho karibu nayo, kwa hiyo usiijaze. Sinia moja, sheka, glasi sita, ndoo ya barafu, basi. Juisi ya rosela ndani ya glasi ya Farber ya zambarau haihitaji pambo lingine. Futa alama za vidole wageni wakikaribia kufika, si asubuhi yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Nyumbani kwetu hatunywi pombe. Naweza kutikisia juisi ya ukwaju kwenye sheka?

Jibu: Unaweza, dada, kama ndani hakujabambuka. Tikisa na barafu, mimina, osha. Usiihifadhi humo hadi kesho. Ukiona shaba ndani, acha kabisa: mwongozo wa chakula wa FDA, idara ya chakula na dawa ya Marekani, hauruhusu shaba wala shaba ya njano igusane na kinywaji chenye pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi inazidi) chini ya 6, na ukwaju, limau na machungwa vyote viko chini ya hapo. Sheka kama hiyo iweke maua.

Swali: Kifuniko cha sheka yangu kimekwama. Nitumie plaisi?

Jibu: Hapana, kaka, plaisi itaharibu kromu ndani ya sekunde moja. Baridi imekibana. Kimiminie maji ya uvuguvugu kifuniko peke yake, funga kitambaa kikavu, kisha zungusha bila kugongagonga. Siku nyingine usiijaze barafu hadi juu.

Swali: Kuna fundi wa magari hapa kwetu anapaka kromu. Nimpe birika langu lililobambuka?

Jibu: Kwanza ataling'arisha hadi kwenye shaba, na hapo alama ya kampuni na kingo kali za ubunifu zinalika. Gharama yake mara nyingi inapita bei ya kununua zima. Kwa chombo cha urithi wa familia naelewa. Kwa ulichonunua mnadani, hapana. Na usijaribu mwenyewe nyumbani. Kemikali za kazi hiyo ni sumu kali.

Swali: Nimepata birika la kahawa la umeme la Manning-Bowman, zuri sana. Nilichomeke?

Jibu: Usilichomeke kabla fundi umeme hajalipima. Nyaya za wakati ule zilivikwa kitambaa na mpira, na mpira huo sasa unapukutika. Litumie kwa kupakulia kahawa uliyopika jikoni.

Swali: Natuma vitu Mombasa kwa mama. Vitastahimili hewa ya pwani?

Jibu: Chumvi ya hewani ndiyo adui mkubwa kuliko joto. Chagua vyenye shaba chini, visivyo na kitobo hata kimoja. Mwambie mama avifute kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi mara kwa mara, avikaushe, aviweke kabatini mbali na dirisha la upande wa bahari. Asivifunge kwenye nailoni, unyevu unakaa ndani. Shuka kuukuu ya pamba inatosha.