Umeme ukikatika, zima kiyoyozi ukutani

Umeme ukikatika wakati kiyoyozi kinafanya kazi, zima swichi yake ya ukutani, na umeme ukirudi subiri dakika 5 kabla ya kukiwasha. Kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kiyoyozi, iliyo ndani ya mashine ya nje) inaposimama ghafla, gesi hubaki na mgandamizo mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili, na kompresa ikilazimishwa kuanza kabla pande hizo hazijalingana, mota yake hukwama, huvuta umeme mwingi na kupata joto. Ule mngurumo mfupi unaosikika kwenye mashine ya nje, kisha "tak" na kimya, ndiyo dalili yake. Viyoyozi vingi vya kisasa hujichelewesha vyenyewe kwa dakika chache, lakini hapa Dar es Salaam, ambako umeme huweza kurudi na kukatika tena papo hapo, mimi bado naiamini zaidi swichi iliyozimwa. Hata hivyo, njia hii haisaidii umeme unapopanda au kushuka kiyoyozi kikiwa kimewashwa: hapo unahitaji kifaa cha kulinda umeme kinachoendana na ampea (kiasi cha umeme kinachovutwa) za kiyoyozi chenyewe, wala usiazime kile cha friji, kwa kuwa kwa kawaida hakihimili mzigo huo.