Mkaa ukikolea hauna moshi, na ndo hapo unaua vifaranga

Wafugaji wangu wa Bagamoyo, kusi imeanza kuvuma na usiku kuna kibaridi, nishajua simu zitakazoingia. "Afisa, jana walikuwa wazima, leo asubuhi nimekuta wamelala chali." Nikifika nakuta banda limefungwa nailoni kuanzia chini mpaka kwenye bati, matundu yamezibwa viroba, na ndani kuna majiko mawili ya mkaa. Kila mwaka ni hivyo hivyo.

Mwaka jana mwezi wa 7 mama mmoja kule Zinga aliweka vifaranga 200 wa nyama, usiku wa tano akapoteza 61. Kabla hajanipigia alishaenda duka la dawa akauziwa antibayotiki ya hela nyingi, akaambiwa ni ugonjwa wa kideri. Nikapasua watatu mbele yake. Kifaranga aliyejifia damu yake huwa nyeusi nyeusi, ila wale damu yao ilikuwa nyekundu ya kung'aa kama juisi ya rozela, nyama ya kidari nayo imekuwa pinki. Nikamuuliza mama, jiko uliwashia wapi? Akasema "nje, nikasubiri moshi uishe wote ndo nikaingiza." Yaani alifanya kama alivyofundishwa na majirani, na mafundisho yenyewe ndo yana kosa.

Moshi kuisha sio sumu kuisha! Mkaa mwekundu uliokolea ndo unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na gesi hii haina rangi, haina harufu, haikuwashi macho. Halafu jiko lenyewe linakula oksijeni ya mule ndani. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21 tu, ukishaziba kila upande jiko na vifaranga 200 wanagombania kilichobaki.

Sasa elewa kuku anavyopumua. Ukichinja kuku, mapafu yake yamenata kwenye mbavu mpaka unayakwangua kwa kidole na yana alama za mifupa, si ndiyo? Yale hayatanuki kama ya kwetu. Kinachotanuka ni mifuko ya hewa, ile mithili ya nailoni nyembamba sana unayoiona tumboni na kifuani. Hewa inaenda mifuko ya nyuma, inapita kwenye mapafu, inaingia mifuko ya mbele ndo inatoka, kwahiyo mapafu yake yanapata hewa mpya akivuta na hata akitoa. Ndege anachukua oksijeni kutushinda sisi, na sumu nayo anaichukua hivyo hivyo. Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wanashuka mgodini na ndege wa kanari mpaka mwaka 1986, ndege akianguka wanajua wakimbie.

Kwenye mapafu hewa na damu vimetenganishwa na utando mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Oksijeni inatoka ilipo nyingi kwenda ilipo chache, inavuka na kudakwa na himoglobini, ile inayoipa damu wekundu. Ichukulie himoglobini kama gari lenye siti nne: inapakia oksijeni mapafuni, inashusha kwenye nyama, moyo na ubongo, na hewa ukaa iliyotokana na kuchoma chakula inarudi na damu mpaka mapafuni inatolewa nje. Kaboni monoksaidi ikipanda humo inang'ang'ania siti zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni na haishuki vituoni. Kibaya zaidi, ikishakaa, hata oksijeni iliyobaki kwenye siti zingine inakuwa ngumu kushuka. Damu inazunguka, nyekundu nzuri kabisa, na ubongo wa kifaranga unakufa kwa njaa ya oksijeni.

Na hapa ndo pananiuma. Kifaranga mwenye baridi analia na kujikusanya na wenzie. Wa gesi ananyamaza, anasinzia, anayumba, anaangusha kichwa. Mfugaji akiona wamepooza anasema baridi hiyo, anaongeza mkaa! Jamani, kifaranga aliyenyamaza usiku usimuongezee moto, fungua kwanza.

Vipimo ni hivi, na usinikadirie kwa macho. Pazia la banda lishonwe chini lipande juu, lisitoke juu kushuka. Juu liache wazi sentimita 30, yaani rula moja ya mwanafunzi, urefu wote wa upande usio na upepo, na upande wa upepo acha 10. Sasa hivi upepo ni wa kusini, kwahiyo rula nzima ni upande wa kaskazini, ikija kaskazi unageuza. Nafasi hiyo haizibwi usiku, haizibwi mvua ikinyesha, haizibwi siku ya kwanza. Wigo wa kuzungushia vifaranga uwe na kimo cha sentimita 45 mpaka 60, juu ukitaka funika nusu tu, kwa gunia, sio nailoni. Kipimajoto kining'inie sentimita 5 juu ya maranda, pale kilipo kichwa cha kifaranga, sio kwenye nguzo usawa wa kichwa chako. Wiki ya kwanza nyuzi 33, kila wiki punguza 3. Wiki ya kwanza ikipita, kwa joto la huku kwetu mchana mara nyingi hata jiko hulihitaji, mnachoma mkaa bure. Usiku pita saa 5, saa 8 na saa 11, na mwenye umeme atumie taa, aachane na mkaa kabisa.

Maranda yakilowa yanatoa amonia inayochoma koo na vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa, ukichuchumaa macho yakawasha, toa yaliyolowa siku hiyo hiyo.

Wakisambaa sawasawa na wanakula, umepatia.

Ukikuta wameanza kuyumba na kuangusha vichwa, toa jiko, shusha mapazia, beba vifaranga kwenye boksi uwaweke nje pasipo na upepo mkali. Gesi inatoka kwenye damu kwa kupumua hewa safi na inachukua masaa, hakuna sindano wala unga wa kuchanganya kwenye maji.

Na nyie mnaowalaza vijana bandani walinde vifaranga, damu yao ina siti zile zile. Kijana akisema kichwa kinauma, kizunguzungu, anataka kutapika, mtoe nje saa hiyo hiyo na umpeleke hospitali, msimwambie akalale itaisha.