Kupekecha moto kwa mikono: fuata unga, usifuate moshi

Nilifundishwa kupekecha moto, yaani kuuwasha kwa kuzungusha kijiti juu ya kibao, upande wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, na mzee wa Kihadzabe, jamii ya wawindaji wa huko. Yeye alipata kaa la moto kabla sijakaa vizuri. Mimi ilinichukua wiki tatu na malengelenge viganja vyote viwili, kwa sababu nilidhani kazi hii inataka nguvu. Inataka unga: yale mavumbi ya mti yanayosagika chini ya kijiti. Macho yako yakae hapo tangu mwanzo.

1. Miti miwili. Kijiti cha kupekechea kiwe kimenyooka, unene wa kidole kidogo, urefu wa sentimita 50 hadi 70. Mimi natumia tawi la mti wa mkole. Kibao cha chini kiwe laini kiasi kwamba ukikibonyeza kwa ukucha kinabaki na alama. Anayeanza atumie mlingoti wa mkonge, ule mti mrefu wa maua unaotoka katikati yake, uliokaukia shambani ungali umesimama. Upasue, uuchonge ubaki na unene wa sentimita moja hivi. Kilicholala ardhini achana nacho, hata kikionekana kikavu. Kiguse shavuni: ukisikia ubaridi, bado kina maji, kirudishe juani. Wengi wanaoshindwa wameshindwa hapa, kabla hawajapekecha hata mara moja.

2. Kishimo na pengo. Toboa kishimo kidogo karibu na ukingo wa kibao, kisha pekecha mpaka kiwe duara jeusi. Ndipo ukate pengo kutoka ukingoni kuelekea katikati ya duara, mfano wa kipande kimoja cha chapati iliyokatwa vipande vinane. Unga utakusanyika humo. Chini ya pengo weka bapa la kisu, kama wafanyavyo Wahadzabe, ili kaa likishika ulibebe bila kulivunja.

3. Kiota cha kuwashia kaa. Kitayarishe sasa, kaa halingoji. Nyasi kavu zilizofikichwa, katikati mavi ya punda yaliyokauka na kusagwa. Pwani, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yanatosha.

4. Kupekecha. Kanyaga kibao kwa mguu mmoja. Anzia juu ya kijiti, sugua viganja mbele na nyuma huku ukikandamiza. Mikono itateremka yenyewe. Ikifika chini, shika kijiti kwa mkono mmoja, peleka mwingine juu, kisha ufuate. Kijiti kisinyanyuke, maana kikinyanyuka joto linapotea na unarudi mwanzo. Mizunguko ya kwanza iwe ya taratibu, ya kukusanya unga tu.

Sasa uangalie. Unga wa kahawia hafifu, wenye nyuzinyuzi, unasema joto ni dogo: kandamiza zaidi. Ukiwa kahawia iliyokolea, uko njiani. Ukiwa mweusi na laini, na pengo limejaa, hapo ndipo utoe kasi yote uliyobakiza, mizunguko mitatu au minne ya juu hadi chini. Moshi hutokea mapema sana na ndio uliokuwa ukinidanganya. Nilikuwa namaliza pumzi yangu wakati unga bado mchache.

Kama mpo wawili, kaeni mkitazamana na mpokezane: wa kwanza akifika chini, mwenzake ameshashika juu. Wahadzabe hufanya hivyo mara nyingi, na hakuna aibu yoyote. Ukiwa peke yako na mikono inateleza, funga uzi juu ya kijiti wenye vitanzi viwili vya vidole gumba. Utapekecha bila kuteremka.

5. Kaa. Acha kupekecha, ondoa kijiti polepole. Moshi ukiendelea kutoka kwenye unga wenyewe, kaa limeshika. Usilipulize bado. Lipepee kwa kiganja, lisubiri nusu dakika lishikamane, kisha litie kwenye kiota na ukifunge juu yake kwa wepesi. Inua kiota usawa wa uso, upepo ukiwa mgongoni, upulize kwa pumzi ndefu na nyembamba. Moshi utakuwa mzito, mweupe, wa njano kidogo. Pulizo moja zaidi, na mwali unatoka. Kiweke chini ya vijiti vyembamba ulivyokwisha kuvipanga.

Kiangazi, fyeka nyasi pande zote kabla ya kuanza, na uwe na maji karibu.