Bodi ndefu au fupi? Pikapu ya kuvuta boti, kwa anayenunua Mwanza

Juzi kijana mmoja mwenye vizimba vya sato upande wa Igombe alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Nimepata Hilux mbili, bei zinakaribiana. Moja singo kebini, moja dabo. Nataka kuvuta boti yangu ya futi 28. Nichukue ipi?" Nikamuuliza boti na tela lake vina kilo ngapi. Kimya. Nikamuuliza kutoka kitovu cha gurudumu la nyuma hadi mpira wa kuvutia, ile tufe ya chuma tela linapofungwa, ni sentimita ngapi. Kimya tena. Nikamwambia aende na futi ya kupimia, anipigie akirudi.

Mimi kazi yangu ni kuvuta boti. Nazitoa kwenye karakana za hapa mjini, nazipeleka mialo ya Magu, Bunda, Sengerema, popote mteja anapoziteremshia majini. Gari langu la kwanza la kazi hii lilikuwa dabo kebini, yaani yenye viti vya mbele na vya nyuma, na bodi ya kubebea mzigo fupi, na nilivyoinunua sikupima kitu. Nilihesabu viti. Mke, watoto wanne, Jumapili kanisani. Nikaona nimepata gari la kazi na la familia kwa mkupuo.

Safari iliyonifundisha ilikuwa ya kwenda Lamadi, usiku. Nyuma nina tela lenye boti, kwenye bodi mashine mbili za boti za farasi 40 na mifuko ya chakula cha samaki, vyote nimevirundika karibu na mlango wa nyuma ili kushusha kuwe rahisi. Nimepita Kisesa, nakaribia Nyanguge, naona taa zangu zinamulika matawi ya miti badala ya lami. Stelingi nyepesi kama ya baiskeli. Lori likinipita, pua ya gari inatafuta mtaro. Magu nikasimama, nikahamisha mifuko yote hadi mgongoni mwa kebini. Gari likatulia kidogo, lakini bodi yenyewe ilikuwa imeshaisha. Hapakuwa na mahali pa kusogeza kitu kingine.

Kilichotokea ni hesabu ya bembea ya ubao. Ekseli ya nyuma ndiyo gogo la katikati: kila kilo unayoiweka nyuma yake inainua tairi za mbele, zile zinazogeuza gari na kubeba sehemu kubwa ya breki. Na mpira wa tela siku zote uko nyuma ya ekseli. Chukua shingo ya tela, ile ncha ya mbele inayokaa juu ya mpira, inayokandamiza kilo 200, mpira uko mita 1.25 nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 3.1. Zidisha 200 kwa 1.25, gawa kwa 3.1: unapata kama kilo 80. Hizo zimetoka tairi za mbele, zikahamia nyuma. Ekseli ya nyuma haikubebeshwa 200, imebebeshwa 280.

Sasa ongeza mzigo wa kwenye bodi, hapo ndipo urefu unapoleta maneno. Kwenye Hilux hizi tunazoziona hapa, dabo ina bodi ya mita moja na nusu na kidogo, singo ina kama mita 2.3. Ile kebini na nusu iko katikati, mita 1.8 hivi. Watu wengi hudhani singo ndiyo gari refu zaidi kwa sababu bodi ni ndefu. Hapana. Ukipima ekseli hadi ekseli utakuta mita 3.08 kwenye zote, na urefu wa gari zima unalingana. Kebini ndiyo imekula bodi. Kwa hiyo bodi ndefu ya singo haikupi gari refu la kutulia barabarani. Inakupa nafasi mbele ya ekseli ya nyuma. Nafasi hiyo ndiyo unayoinunua.

Pima mwenyewe kabla ya kutoa hela. Egesha gari mahali tambarare, chukua timazi ya fundi uashi, ishushe ubavuni mwa bodi mpaka uzi upite katikati ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Piga mstari wa chaki wima. Kisha pima mbele hadi mwanzo wa bodi, na nyuma hadi mlango. Kwenye dabo yangu mbele ya chaki palikuwa nusu mita hivi, nyuma zaidi ya mita moja: theluthi mbili ya mzigo ilikuwa inaning'inia nyuma hata nikipanga vizuri. Kwenye singo ninayoendesha leo, mbele ya chaki ni mita 1.2. Nikiweka kilo 400 zikiegemea kebini, uzito wake unaangukia kama sentimita 90 mbele ya ekseli, na tairi za mbele zinapata zaidi ya kilo 110. Zile 80 zilizoibwa na tela zimerudi na chenji.

Usikubali kurefushiwa bodi kwa nyuma. Fundi mmoja aliwahi kuniongezea sentimita 40 kwa kuchomelea, akausogeza na mpira nyuma ukafuatana na bodi, akaniambia sasa ni kama singo. Zidisha upya ile hesabu kwa 1.65 uone. Nilikata chuma kile baada ya wiki mbili.

Uzito wa shingo nao usiukisie. Kwa tela la kawaida la kufunga kwenye mpira, shingo ibebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela lililopakiwa. Ikiwa pungufu, tela linaanza kucheza mkia. Ikizidi, gari linakaa kama mbwa. Mwaloni hatuna shida ya vipimo: nenda kwa wanaopima sangara, omba ile mizani ya jukwaa inayokaa chini, simamisha kipande cha gogo juu yake, laza shingo ya tela juu ya gogo kwa kimo kilekile cha mpira wa gari, tela likiwa limelala usawa. Soma. Angalia tu mizani yenyewe isizidiwe. Ukitaka kupunguza, sogeza boti nyuma kidogo kwenye tela. Mashine ya boti ikiwa imefungwa kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, ihesabu. Ukiihamishia kwenye bodi umebadilisha pande zote mbili.

Kuna jambo la boti ambalo wavuta matela ya mchanga hawalijui. Omo, yaani pua ya boti, huchomoza mbele kuliko nguzo ya winchi, na tela la shingo fupi likikata kona kali, omo inakutana na pembe ya bodi. Kabla ya kununua gari au kuchomelea tela, yapange yote mawili uwanjani, kata stelingi hadi mwisho kila upande, mwenzako atazame. Fungua na mlango wa nyuma wa bodi. Mlango ukigonga jeki ya tela, utakuwa unashusha mizigo kwa kuruka ubavu kila siku.

Umewahi kuona picha za Marekani, pikapu imebeba shingo ya tela kubwa katikati ya bodi? Kule bodi huuzwa kwa futi: 5 na nusu, 6 na nusu, 8. Shingo inakaa juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kwa hiyo hainyanyui pua ya gari, na tela zito linavutika kwa utulivu. Hapa Igoma nimeona mtu anataka kuiga kwa dabo. Tela lake lina upana wa mita 2.4; nusu yake 1.2. Gari likikunja hadi pembe mraba, ubavu wa tela unafika mita 1.2 kutoka kwenye pini, pale shingo inaposhikia bodi, kuelekea kebini. Dabo ina nusu mita tu hapo. Kioo cha nyuma kingemwagika kona ya kwanza. Hata singo zetu ziko ukingoni. Wamarekani wenyewe, wakiwa na bodi fupi, hununua pini ya kuteleza nyuma wakati wa kukunja, na wenye bodi ya futi 8 hawana haja nayo.

Breki nitazipitia haraka kwa sababu hazina mjadala: watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake. Boti ya futi 28 na tela lake usiifananishe na hiyo. Soma kitabu cha gari lako, na mzigo wa kwenye bodi pamoja na uzito wa shingo ya tela uhesabiwe ndani ya ile tani moja ya gari.

Njia ya Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatupangi tena foleni ya kivuko, lakini pale juu ni kama kilomita tatu za upepo wa ziwa unaokupiga ubavuni, na boti ni tanga. Tela likianza kucheza, usikanyage breki kwa pupa wala usizungushe stelingi kulifuata. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika stelingi ikiwa imenyooka, liache litulie.

Kama kazi yako ni mialo miwili kwa mwezi na bodi haibebi kitu, dabo itakutosha, nisikudanganye. Kama unavuta na kubeba kwa pamoja, chukua singo. Ukiwa na fedha, pikapu ya Land Cruiser, ile ya mkonga, ni habari nyingine: ekseli hadi ekseli ni mita 3.18, chesisi nene, springi za kazi.

Kijana alipiga tena jioni. Kwenye singo, mpira uko sentimita 122 nyuma ya ekseli, mbele ya chaki bodi ina 118. Nikamwambia alipe ile singo. Mwenyewe niliuza dabo yangu, na Jumapili mke wangu anakwenda kanisani na watoto kwa bajaji mbili, ankara anaileta kwangu.