Mzee aoge ameketi: kurekebisha bafu la nyumbani lisimwangushe

Mzee haanguki kwa kujimwagia maji. Huanguka akiinama kuchota, akisimama kwa mguu mmoja asugue mwingine, akifumba macho kwa sababu ya povu, au akigeuka kufuata taulo iliyotundikwa mlangoni. Akiketi, na kila kitu kikawa ndani ya urefu wa mkono wake, hatari hizo zote nne zinapungua kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo fedha ikiwa kidogo, anza na sakafu, kisha kiti, kisha bomba la kushikia. Hita na vigae vipya vingoje.

Sakafu

Bafu nyingi za Moshi na Arusha zina sakafu ya saruji iliyopigwa niru, yaani uji wa saruji uliolainishwa juu hadi ukang'aa. Niru inapendeza macho, lakini ikikutana na sabuni inakuwa kama ganda la ndizi. Kwanza isugue kwa brashi ngumu na jiki, kwa sababu mara nyingi kinachoteleza ni utando wa kijani na mabaki ya sabuni. Jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu, na bafuni hakuna pa kuikimbilia.

Ikikauka na bado inateleza, piga sakafu mpya juu ya ile ya zamani. Kwa bafu la mita 1.5 kwa 1.2, unene wa sentimita 3, unahitaji nusu mfuko wa saruji (karibu ndoo moja ya lita 20) na ndoo tatu za mchanga safi. Chokoa niru yote kwa tindo mpaka iwe na makovu, ifagie, ilowanishe, pakaza uji mzito wa saruji, halafu mwaga mchanganyiko kabla uji haujakauka. Mafundi wengi huruka hatua ya tindo. Ndiyo maana sakafu hubanduka vipande vipande baada ya miezi michache, na kingo za vipande hivyo humkwaza mzee kuliko hata utelezi wa mwanzo. Mteremko wa kuelekea kwenye tundu la maji uwe sentimita 2 kwa kila mita. Ukizidi hapo kiti kitakaa upande.

Mwambie fundi asipige niru. Saruji ikianza kushika, ivutie fagio la chelewa kuelekea kwenye tundu, ibaki na mistari. Ifunike kwa magunia mabichi siku 7. Wiki hiyo mzee aogee chumbani kwa beseni.

Kama sakafu ni ya vigae, bandika utepe wenye chengachenga kama msasa, au tandika mkeka wa mpira wenye vikombe vya kunyonya chini. Mkeka huo hushika kwenye vigae tu. Juu ya saruji yenye mistari vikombe havinyonyi na mkeka unahama. Gunia au taulo kuukuu sakafuni, desturi ya nyumba nyingi, iondoe leo. Hujikunja na kunasa kidole cha mguu.

Bafu likiwa na choo cha kuchuchumaa humo humo, tengeneza kifuniko cha ubao kinachoziba bakuli lote na kubaki kimetulia kikikanyagwa. Mguu ukizama humo, kifundo huumia.

Kiti

Kiti cha plastiki cha sherehe si kiti cha kuogea. Miguu yake hutawanyika kwenye sakafu ya maji, na plastiki iliyokaa juani miaka miwili hukatika bila taarifa. Kigoda nacho ni kifupi mno: kukikalia ni rahisi, kuinuka ndiko kuna kazi.

Pima kutoka nyuma ya goti la mzee hadi chini, akiwa amevaa viatu vyake vya bafuni, kisha ongeza sentimita 2 au 3. Kwa watu wengi utapata kati ya 43 na 48. Mpe fundi wa kuchomelea kipimo hicho atengeneze kiti cha skwea paipu ya inchi 1, chenye mikono iliyopanda sentimita 20 juu ya kalio. Mikono hiyo ndiyo anayoisukumia kuinuka. Kiti kisicho nayo ni nusu kiti. Kalio liwe la mbao zilizoachiana sentimita 1 ili maji yapite. Apige rangi ya kuzuia kutu hadi ndani ya viungo, na miguuni avalishe kofia za mpira kama za magongo ya kutembelea. Kabla mzee hajakikalia, mtu mzito kuliko wote nyumbani akikalie kikiwa kimelowa, aegemee nyuma na kuyumba kila upande.

Bomba la kushikia

Bomba la maji la chuma la inchi 1 lina unene wa nje wa milimita 33 hivi, kipimo ambacho kiganja cha mzee hulifunga vizuri. Lifungwe sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni, na kati yake na ukuta pabaki sentimita 4: vidole vipite, mkono usinase. Moja likae mlangoni, jingine ubavuni mwa kiti. Aliyepata kiharusi alipate upande wa mkono wenye nguvu.

Kila ncha ichomelewe kibati chenye matundu matatu, boliti za milimita 10 ziingie kwenye tofali lenyewe walau sentimita 7. Boliti iliyoishia kwenye plasta hung'oka siku ile ile inapohitajika. Ukuta wa bloku zenye uwazi utoboe hadi upande wa pili, uweke kibati kingine nje, ukaze kwa nati. Bafu la mabanzi au mabati halibebi uzito wa mtu. Humo simika nguzo ya chuma ardhini, kina cha sentimita 60, kwa zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, isiguswe siku 7. Kisha mtu mzima alining'inie. Bomba la taulo si la kushikia, na mzee hatakumbuka tofauti akianza kuteleza.

Mlango, njia, mwanga

Mlango ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani na mzee akaanguka nyuma yake, mwili wake ndio unaokuwa komeo. Ondoa komeo la ndani, na kanga ikitundikwa mlangoni kila mtu ajue kuna mtu. Bafu likiwa nyuma ya nyumba, kwenye kihamba (shamba la nyumbani la migomba) cha Kibosho au Marangu, angalia njia: masika udongo mwekundu na majani ya migomba huteleza kuliko bafu lenyewe. Mwaga kokoto, funga ufito wa kushikia.

Maji

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Mzee asiibebe wala kuiburuta. Lita 10 hadi 15 zinatosha kuoga. Ziweke juu ya stuli, kimo cha kiti, upande wa mkono wenye nguvu, na kopo la nusu lita lenye mkono.

Tia ya baridi kwanza, ya moto ifuate. Ukianza na ya moto, siku utakayoitwa mlangoni katikati ya kazi mzee atachota maji ya moto matupu. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi nyembamba kwa sekunde chache, na mwenye kisukari huenda asihisi kitu miguuni. Pima kwa kiwiko. Kiganja cha mpishi kimeshazoea moto. Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ichomolewe ukutani kabla mtu hajagusa maji. Hita ya kwenye bomba la mvua isitumike bila waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini.

Juni na Julai Arusha hubana kwa baridi, na wengine huingiza jiko la mkaa bafuni. Usifanye hivyo. Gesi ya mkaa isiyoonekana wala kunusika huua, mlango ukiwa umerudishwa tu. Afadhali aoge saa tano, jua likiwa limepanda. Bafu kamili mara mbili au tatu kwa wiki linamtosha mzee asiyetoka jasho jingi. Siku nyingine apanguswe uso, makwapa na sehemu za siri.

Kuoga kwenyewe

Nguo, taulo na mafuta viandaliwe kabla. Anayetumia dawa za presha akae kitandani dakika mbili ndipo asimame. "Shikamoo Bibi, maji yako tayari, ukishavua niite" inafaa kuliko kumshika mkono ghafla. Avae kanga, nayo inyanyuliwe upande mmoja mmoja. Muulize anataka aogeshwe na nani. Kwa familia nyingi mkwe kumwogesha mkwewe ni aibu kwa wote wawili, na mzee atakataa maji wiki nzima bila kusema sababu.

Aanze na miguu, kichwa kiwe mwisho. Kabla hajainuka, sabuni yote isuuzwe nyayoni na sakafuni, miguu ikaushwe hadi katikati ya vidole, avae viatu vyenye mkanda wa nyuma. Ndala humtoka. Mafuta apakwe kitandani, nyayo ziachwe: mzee mwenye nyayo za mafuta huangukia sebuleni, watu wakidhani bafu wamelimaliza.

Akianguka

Usimvute mikono. Mfunike, muulize panapouma. Mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, chukulia nyonga imevunjika: asisimamishwe, abebwe juu ya ubao au mlango hadi hospitali ya Mawenzi au KCMC za Moshi, au Mount Meru ya Arusha, kokote kulikokaribu. Akiwa amegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe siku hiyo hiyo, hata akisema hajambo na kuomba chai.