Somo: Kupima presha na kutua mizigo siku ya kikoba

Msianzishe kikundi kipya. Kina mama wengi wa Newala na Tandahimba wako kwenye kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa), wengine viwili. Kikao cha tatu hatakuja mtu. Ombeni mpewe nusu saa ya kikao hichohicho, kabla ya kuweka hisa.

Hatua ya 1. Muuguzi wa zahanati au mhudumu wa afya wa kijiji awafundishe wawili wenu kutumia mashine. Ya kufunga juu ya kiwiko inaaminika kuliko ya kifundo cha mkono.

Hatua ya 2. Aliyefika na ndoo kichwani apumzike dakika 5, aegemee kiti, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo. Asiongee (hapo ndipo penye kazi). Rudieni baada ya dakika moja. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, kwa siku mbili tofauti, aende zahanati. Ikifika 180 au 120, na kifua kinabana, kichwa kinapasuka au upande mmoja umelegea, ni hospitali saa hiyo hiyo. Namba ziandikwe kwenye daftari la mwenyewe, hazitangazwi.

Hatua ya 3. Gawaneni wawili wawili. Mkishindwa mengine yote, hili lisiwashinde. Msimu wa korosho ukianza, Oktoba hivi, watu wanahamia shambani kuokota na kuanika, vidonge vya presha vimebaki nyumbani juu ya kabati. Mwenzako akuulize kila jioni: umemeza? Zimebaki ngapi? Zikibaki za wiki moja, pangeni safari ya zahanati, msingoje pesa za mnada.

Hatua ya 4. Kila mmoja aseme kinachomlemea: ada, mgonjwa wa ndani, mume aliyepotea na malipo ya korosho. Wengine wasikilize. Ushauri mpaka uombwe. Nyie si baraza la kata. Anayesema amechoka kuishi asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya siku hiyo.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye ng'onda (samaki mkavu wa chumvi). Mloweke, maji mmwage.

MASWALI

Masasi: Dada, mume wangu anasema kidonge ukikianza hutoki tena. Nikijisikia vizuri niache?
Jibu: Unajisikia vizuri kwa sababu unameza. Usiache wala kupunguza kabla ya kuongea na aliyekuandikia. Na shemeji naye aje apimwe.

Nachingwea: Majani ya mlonge je?
Jibu: Mboga nzuri, pika ule. Kidonge kiko palepale.

Mtama: Shikamoo mama. Nina mimba ya miezi saba, nipime na wenzangu?
Jibu: Marahaba mwanangu. Pima, ila wewe usingoje siku ya pili. Ukiona 140 au 90 mara moja tu, au kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, nenda siku hiyo hiyo, na kadi ya kliniki mkononi.