Dempster kwa gari-nyumba: anzeni na tairi

Barabara ya Dempster huchepuka kilomita 40 hivi mashariki mwa Dawson City, Yukon, kaskazini mwa Kanada, na kufika Inuvik baada ya kilomita 736 hivi, karibu zote changarawe. Ukifika huko unaweza kuendelea hadi Tuktoyaktuk, kwenye Bahari ya Aktiki, kwa barabara iliyofunguliwa Novemba 2017.

1. Tairi. Safari nyingi huharibikia hapa. Changarawe yake ina mawe bapa yenye makali, yanayotoboa hata tairi mpya. Beba spea mbili za saizi kamili, zikiwa tayari kwenye ringi. Jaribu jeki nyumbani, kwa maana zipo zinazoshindwa na gari lililojaa maji na mizigo. Weka na ubao mnene wa kuikalisha, la sivyo itazama kwenye changarawe. Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa za baridi. Kama nyuma kuna tairi pacha, kila mnaposimama chungulia katikati: jiwe likikwama hapo hula kuta za tairi zote mbili.

2. Mwendo. Kilomita 60 hadi 70 kwa saa zinatosha. Ukikutana na lori punguza hadi 40 na ukae kulia, usalimishe kioo.

3. Mafuta. Jaza Dawson. Kituo cha kutegemea kinachofuata ni Eagle Plains, kilomita 369 ndani ya Dempster. Gari linalokula lita 25 kwa kilomita 100 litahitaji lita 102 hivi kufika. Ondoka na 120.

4. Vumbi. Funga madirisha yote, hata la paa, kisha washa feni ya dashibodi ivute hewa ya nje. Hewa ikijaa ndani, vumbi halipenyi kirahisi kwenye mlango wa nyuma. Tundu la friji ya gesi usilizibe friji ikiwaka.

5. Vivuko. Viko viwili, mto Peel na mto Mackenzie, na havina nauli. Njia ya kushukia ni ya changarawe, kwa hiyo gari lenye mkia mrefu hukwaruza. Teremka polepole sana. Barafu inapoganda au kuvunjika, hakuna kuvuka kwa wiki kadhaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, gari la kukodi linaruhusiwa?
Soma mkataba kwanza. Kampuni nyingi zinakataza changarawe, na ukikiuka bima haikulipi. Omba ruhusa ya maandishi.

Watoto watalala vipi jua lisipozama?
Inuvik halizami kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai na zaidi. Funga mapazia mazito meusi, na mshike saa ya kulala ileile ya nyumbani.

Simu zinashika?
Njiani, sehemu kubwa hazishiki. Beba kifaa cha setilaiti.

Mvua ikinyesha?
Barabara hunyunyiziwa kloridi ya kalsiamu kutuliza vumbi, na ikilowa huteleza sana. Simameni pembeni penye nafasi mpaka ikauke kidogo. Mkifika mjini osheni chini ya gari siku hiyohiyo: chumvi hiyo hula chuma, na tope lake likikauka hushika kama saruji.